Kuonja Dawa ya Mama

Mimi nauza dagaa. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nina pua ya kifalme. Dagaa wangu wanatoka ziwani, wanapita kwetu Lumino kwenye magunia, nawapeleka Busia. Upande wa Uganda wanaitwa mukene, ukivuka geti la mpaka kuingia Kenya wanaitwa omena, na pande zote mbili wananuka vilevile. Nimepekua magunia yaliyonyeshewa mpaka yakaota funza, kwa mikono mitupu, kisha nikanawa na kula chapati yangu bila wasiwasi. Kwa hiyo nikisema kuna kitu kilinitia kinyaa mpaka nikamtendea mama yangu ubaya, naomba niaminiwe.

Kitu chenyewe kilikuwa dawa ya kisukari. Dawa ya majani.

Mama alianza na kiu. Mtungi ulikuwa haufiki jioni. Halafu akapungua, magauni yakawa yanamning'inia, na nzi wakawa wanajaa pale anapokojoa nyuma ya nyumba, jambo ambalo wazee wote huku wanajua maana yake. Kituo cha afya wakampima, wakampa vidonge. Akavimeza kwa utii wiki mbili hivi, kisha akaanza kuvisengenya. Vinamjaza gesi. Vinamwacha na ladha ya msumari mdomoni. Hata jina havina, ni namba tu. Hakuviacha kabisa, lakini akaamua kwamba dawa ya kweli iko nyuma ya jiko lake.

Nyuma ya jiko kuna mululuza. Kila boma huku linao, kichaka chenye majani machungu, cha homa, cha minyoo, cha tumbo, na sasa cha sukari. Mama alikuwa akiyatwanga kinuni, anayakamua kwa kitambaa, na yale maji ya kijani yanatoa povu kama la sabuni ya kufulia. Ukimtania kidogo tu, anakukumbusha ya mwanafunzi. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefika kijijini kwao Iyolwa wakati mama amekwenda huko msibani, akawauliza wanawake wazee majani gani yanashusha sukari, akaandika, akalaza matawi ndani ya magazeti akaondoka nayo. Basi tangu siku hiyo mama hakukalika.

"Majani yangu yanasomewa chuo kikuu," alikuwa akisema. "Wewe mwenyewe chuo kikuu hujakiona hata kwa dirisha."

Sawa. Shida ilikuwa moja. Kwao Iyolwa mtu akikupa kitu cha kunywa anatangulia. Iwe pombe, iwe uji, iwe maji ya kisima, anakunywa kwanza mbele yako, unamwona anameza, ndipo unapokea. Ni kwa ajili ya sumu. Huku sumu si hadithi ya kutishia watoto. Kuna nyumba ninazozijua ambazo hakuna mtu anayekubali hata chai. Mama aliolewa huku Lumino akiwa msichana, ameacha mengi ya kwao, lakini hilo hakuliacha. Na kwenye dawa ndiyo kabisa. Anayekushikia kikombe cha dawa anakunywa kama utakavyokunywa wewe. Mama alikuwa ananipimia kwa ukucha wake kwenye kikombe: "Mpaka hapa."

Na mshikaji wa kikombe nilikuwa mimi, kwa sababu ndiye mtoto aliyebaki nyumbani, na mikono ya mama ilikuwa imeanza kufa ganzi.

Ule mululuza niliunywa kwa haki. Siku nne. Uchungu wake hauishii ulimini, unateremka nao, unakaa kifuani, na ukicheua saa nne sokoni unarudi wote kama ulivyokwenda. Kila nikimeza, bega langu la kushoto liliruka. Ni tangu utoto. Wakinipa dawa ya malaria bega linaruka lenyewe. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Lile bega bado lipo! Nilidhani limezeeka."

Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu, kisha nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Siku ya tano nikajiambia aka, sitaweza. Nitatafuta kitu cha kisasa, kitu cha chupa, mama aridhike na mimi nipone.

Upande wa Kenya, karibu na ninapowapelekea wateja wangu dagaa, kulikuwa na bwana mmoja mwenye spika juu ya kigari. Alivaa koti jeupe la daktari lenye doa la mchuzi kwenye kola. Chupa zake zilikuwa zimepangwa vizuri, na kwenye karatasi ya kila chupa kulikuwa na picha ya darubini na orodha ya mimea: mululuza, mlonge, mwarobaini, karela, na mingine ya majina ya Kizungu.

"Mathe, hii si ile ya kutwanga na kinu ya shosho," aliniambia. "Hii imefanyiwa utafiti. Maabara! Sukari inashuka siku ya kwanza, ukiona uongo rudi hapa unitukane mbele ya watu."

Utafiti. Hilo neno lilinishika mkono likanipeleka lenyewe. Nikamwona mama akilini mwangu akilisikia, nikamwona akijivuna. Nikanunua.

Nyumbani nikafungua. Yesu wangu! Ile haikuwa dawa, ilikuwa mtaro. Nyeusi, nzito, inavutika kwenye kijiko, na ndani yake mna vinyuzi na vibonge laini vilivyokuwa vinateleza polepole kwenye ubavu wa kikombe. Ilinuka majani yaliyooza na juu yake harufu tamu, ya uongo, kama waliimwagia sharubati ya watoto ili kuficha maiti. Mama akanusa akasema, "Hii ni kali. Hii itakuwa nzuri." Akaweka ukucha wake kwenye kikombe. "Mpaka hapa."

Nikainua. Kibonge kimoja kikagusa mdomo wangu wa chini, baridi, laini, kikatulia pale.

Nikafunga midomo. Nikakiinamisha kikombe mpaka dawa ikanilowanisha, nikatoa sauti kooni, nikashusha, nikajifuta kwa nyuma ya mkono na kukunja uso. Mama akapokea, akanywa yake yote, akalamba midomo. Macho yake wakati huo yalikuwa na ukungu wa ugonjwa, nikajua hakuona kikombe kimejaa vilevile. Nikanawa uso mara tatu kwa sabuni ya kufulia.

Hivyo ndivyo nilivyoishi mwezi mzima, chupa ikiisha nanunua nyingine. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, kwa sababu karatasi ilisema kabla ya kula. Nalowanisha midomo, nakunja uso, namkabidhi.

Na sukari ikashuka kweli! Kituo cha afya walipompima walimsifu, wakidhani ni vidonge vyao, na mama kwa ujanja wake akanyamaza. Njiani tukirudi alikuwa anachekacheka nyuma ya bodaboda kama msichana aliyetoroka shule.

Halafu akaanza kutetemeka. Saa nne za asubuhi hivi, jasho linamtoka na kivuli kipo. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nikasema ni uzee. Siku nyingine jirani alimkuta amekaa katikati ya mahindi, blauzi ameivua, analowa jasho, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Akanipigia simu sokoni. Nikaacha dagaa mezani, nikarudi mbio, tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kinagongagonga kidevu changu.

Sista wa kituo ni mwanamke mnene, mkali, wa hukuhuku. Alimtoboa kidole, akaguta, akamtundikia maji ya sukari. Haikuchukua muda, mama akafumbua macho akauliza kwa nini blauzi yake imefungwa vibaya.

"Anakunywa nini huyu?" sista akaniuliza.

Chupa ilikuwa kwenye kikapu changu, niliitia humo tulipotoka nyumbani. Aliifungua, akainusa, akarudisha kichwa nyuma. "Ptuu! Mungu wangu." Kisha akaniambia kwa utulivu: "Mimi na majani hatuna ugomvi. Mengine yanashusha sukari kweli, wasomi wanayachunguza, ila kipimo chake bado hakuna wa kukuambia. Huyu wa chupa ndiye nisiyemwamini. Kuna wanaosaga vidonge vya hospitali wakavitia humu, ndiyo maana inashuka siku ya kwanza. Mtu mzima asiye na kisukari akinywa hii kabla ya kula, lazima atetemeke. Ni wewe unayemshikia kikombe?"

"Ni mimi."

"Unatangulia?"

Mtu wa huku, anajua. Mama alikuwa amelala pale, uso ameuelekeza kwangu.

"Natangulia," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Kama yeye."

"Na husikii kitu? Jasho? Mikono? Njaa ya ghafla?"

"Sisikii kitu," nikasema, kwa macho makavu.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuogopa sista. Niliona haya kumwambia mama, akiwa na sindano mkononi, kwamba binti anayeshika matumbo ya samaki kutwa alishindwa kummezea mama yake funda moja. Basi. Hakuna sababu nyingine, na hiyo yenyewe ukiiweka kwenye mwanga inanuka.

Sista akafikiri. "Basi labda ni vidonge vyetu vimemzidi," akasema, akavipunguza. "Lakini hii chupa iacheni."

Hatukuiacha. Nilijaribu, siku ya kwanza tu. Mama akaniangalia kama nimemnyang'anya sahani. "Vidonge ndivyo vilivyonizidi, amesema mwenyewe. Dawa umekunywa wewe mwezi mzima, umeona nini? Hujaona kitu." Ulikuwa ni uongo wangu, ananirudishia mkononi. Ningesema nini? Nilikuwa na la kusema, maneno mawili tu. Nikaleta kikombe. Akaweka ukucha. Nikalowanisha midomo.

Haikupita hata wiki mbili. Nilikuwa uani nimemwaga dagaa juani, nikasikia sufuria inaanguka jikoni, halafu kimya. Mama alikuwa amelala kifudifudi, mkono wa kushoto umo motoni kati ya mafiga. Hakupiga kelele, hakuwa na akili ya kupiga kelele. Ile harufu sitaieleza. Nimesema nauza dagaa, nimesema funza, nimesema mtaro wa kwenye chupa. Vyote hivyo sasa naweza kuvinusa nikala. Ile siwezi.

Walimlaza. Sista aliufunga mkono akaniambia wazi kwamba kidonda cha mtu mwenye kisukari hakina haraka ya kupona, na vidole viwili rangi yake haimpendezi. "Tutaona," akasema. Hakuwa ananiangalia.

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikakaa kwenye kigoda cha mama, nikamimina ile dawa nyeusi. Nilipima kwa ukucha wangu mwenyewe. Mpaka hapa. Nikanywa. Vile vibonge nilivitafuna maana kuvimeza vilikuwa vinagoma. Ilikuwa chungu, tamu, ya ute, inapanda puani, na bega likaruka mara mbili, peke yangu pale jikoni, hakuna wa kulicheka. Nikashikilia mdomo isirudi. Haikurudi.

Sikula. Nikapanda bodaboda mpaka kituo, nikakaa kwenye benchi. Kabla foleni haijasogea sana, magoti yakaanza. Halafu mikono. Jasho likanitoka mgongoni, moyo ukawa unakimbia bila mimi, na njaa, jamani, njaa ya kutaka kumnyang'anya mtoto wa mwenzangu mkate. Nilikujua kule kutetemeka. Nilikuwa nimekutazama mwezi mzima kwenye mwili wa mtu mwingine.

Sista alinikuta nimeinamia magoti. Akanitoboa kidole, akasoma, akakimbia kuleta sukari kwenye maji, akaninywesha kwa nguvu. Alisubiri mpaka nikaweza kushika kikombe mwenyewe.

"Umekunywa ile."

"Ndiyo."

"Si uliniambia unakunywa kila siku?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

Akasonya, msonyo mrefu. Nimesonywa na wengi, sokoni ndiyo salamu, lakini ule ulinifika. "Siku ile ungeniambia hivyo," akasema, "ningeimwaga hii takataka mbele yenu na mama yako angekuwa na mkono mzima." Akachukua chupa niliyokuja nayo, iliyobaki robo, akasema ataipeleka kwa wakubwa. "Na mama yako utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Sikumwambia. Nilichofanya ni kwenda Busia.

Bwana wa koti jeupe alikuwepo, na doa lake lilikuwepo. Watu wamemzunguka, wanawake wengi, mmoja anafungua kitambaa cha hela. Nikapenya. Nikachukua chupa mpya mezani kwake, nikaifungua, nikampa.

"Kunywa," nikasema.

"Mathe, mimi sina sukari."

"Sijakuuliza sukari. Nimesema tangulia."

Aka! Alicheka kidogo, akatazama watu, akaona hawacheki. Pale kuna Wasamia, kuna Wajopadhola, kuna Wateso, kuna Wajaluo, na kila mmoja wao anajua maana ya mtu kukuuzia kinywaji akakataa kutangulia. Alisema ameshakula. Alisema ni dawa, si soda. Akarudi nyuma hatua moja, na hiyo hatua ndiyo iliyommaliza. Yule mama wa kitambaa akafunga hela zake. Mwingine akatema mate karibu kabisa na viatu vyake. Wakamwacha na spika yake inajiimbia.

Nilirudi Lumino nimevimba kichwa. Nakiri, nilijisikia mtu. Nikafika kituoni, mama ameegemea mto, mkono umefungwa, nikavuta kiti nikamsimulia yote, na sauti ya yule bwana nikaigiza, na hatua ya nyuma nikainuka kuionyesha.

"Hakutangulia?" mama akauliza.

"Hakutangulia! Mbele ya umati mzima."

"Na watu?"

"Wakamtemea mate, wakaenda zao."

"Walifanya vizuri," akasema.

Nilikuwa bado nimesimama pale na hatua yangu ya kuigiza.

"Bega lako halikuruka," akasema mama. "Mululuza liliruka siku zote nne. Hii nyeusi, mwezi na zaidi, halikuruka hata siku moja. Macho yangu mabovu, lakini bega naliona."

Nilitaka kukaa, kiti nikakikosa, nikashika kitanda. "Kwa nini ulikunywa, mama?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Sasa nisinywe, halafu watu waseme nini? Kwamba mwanangu ananipa kitu na hataki kutangulia?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Nikasema nisamehe, nikasema ni kinyaa tu, mama, haki ya Mungu ni kinyaa tu. Akasema anajua. Hata yeye, alisema, ilikuwa inamtia kinyaa.

Vidole viwili walivikata. Siku hizi anameza vidonge bila kuvisengenya, na ule mululuza anaukata kuni ukichipua sana. Mimi ndiye ninayempelekea maji ya kumezea, asubuhi, kwenye kikombe kilekile. Natangulia. Nakunywa funda kubwa, nameza kwa sauti. Yeye haangalii koo langu wala kikombe. Anaangalia bega, kila siku, na maji hayana uchungu, kwa hiyo bega linatulia tu pale. Anangoja kidogo. Kisha ananyoosha mkono wenye vidole vitatu, anapokea, anakunywa.